Nilipima Ncha Mbili Tu

Shafti za mashine ya kusaga alizozirudisha mteja hazikuharibiwa na fundi mkerezaji. Niliziharibu mimi, kwa ukanda wa plastiki niliouchapa kwa printa ya ofisini. Aliyekatwa mshahara ni yeye.

Mashine yetu ya kukereza ni ya zamani, haina kioo cha namba, na skeli za kiwandani ni ghali. Nikamwambia bosi kwamba enkoda, yaani kifaa cha kupima mwendo wa mashine na kuulisha kioo hicho namba, naweza kuitengeneza mwenyewe. Kanuni yake haina siri. Ukanda wenye mistari myeusi na nafasi zinazopitisha mwanga unapita kati ya taa ndogo na sensa mbili, na kila mwanga unapokatika saketi inahesabu. Sensa zikipishana kwa robo ya nafasi kati ya mstari na mstari, unapata hatua nne kwa kila mstari, na unajua pia mashine inaelekea kushoto au kulia. Hata ukifungua printa ya wino utaukuta ukanda wa aina hii kwenye njia ya kichwa cha kuchapia. Ndio unaokijulisha kilipo.

Nilianza na plota ya kukatia stika ya jirani yetu wa mabango, lakini vipande vyembamba namna ile vinang'oka vyenyewe. Nikahamia kwenye printa ya leza, nukta 600 kwa inchi. Gawa 25.4 kwa 600, nukta moja ni milimita 0.042. Nikaona usahihi tayari ninao. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu namba ile inaeleza nukta ni ndogo kiasi gani, haielezi kama zimeangukia mahali palipokusudiwa. Mimi nilitaka mstari kila milimita 0.25, yaani nukta 5.9, na nukta haikatwi vipande: nafasi nyingine zikapewa nukta sita, nyingine tano. Kosa hilo angalau halilundikani. Ningechagua nukta sita kamili, milimita 0.254, na kuiachia programu hesabu, lingekwisha.

Lililoleta hasara ni jingine. Ili ukanda uwe mrefu niliulaza kwa urefu wa A4, upande ambao karatasi inavutwa. Kwa upana, nukta zinapangwa na mwale wa leza unaopigwa na kioo kinachozunguka kwa kasi isiyoyumba. Kwa urefu, zinategemea gia na rola. Gia ikisita, rola ikiteleza, mistari inasongamana hapa na kuachana pale. Kisha plastiki inapita kwenye rola ya moto inayoyeyusha unga wa wino, inasinyaa, na haisinyai sawasawa.

Nilipoufunga niliweka rula ya chuma mwanzoni na mwishoni. Ukanda ulikuwa umepungua kidogo, nikaingiza kizidisho kwenye programu, ncha zote mbili zikakubaliana na rula. Katikati sikupima. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha bosi namba zikiwaka.

Fundi wetu ni mtu mzima, amekereza tangu mimi sijazaliwa. Alinijia na vernia mkononi. "Mwanangu, kioo chako na vernia yangu havisemi kitu kimoja hapa kwenye bega la beringi." Nikamjibu, "Mzee, hiyo vernia imechoka. Fuata kioo." Akafuata, maana bosi alishaagiza hivyo. Mabega yakatoka nje ya kipimo kwa milimita 0.3, beringi zikakataa kukaa, mzigo ukarudi, na gharama ya chuma ikaandikwa kwenye jina lake.

Jioni moja, wenzangu wakiwa wameshaondoka, nilisogeza mashine kwa hatua za milimita 10 kutoka ncha hadi ncha, nikilinganisha na vernia ileile niliyoidharau. Kosa lilipanda kuelekea katikati, kisha likashuka. Kizidisho changu ndicho kilicholificha. Nilijua palepale, na nikanyamaza. Nilisubiri mpaka siku ya mshahara ikapita, nikijiambia natafuta uhakika zaidi. Uhakika nilikuwa nao. Kunyamaza huko kunanielemea kuliko ukanda wenyewe: ule niliukosea kwa kutojua, huku nilikuchagua.

Baadaye nilimweleza bosi, mzee akiwepo, na pesa alizokatwa nikamrudishia kutoka mfukoni mwangu. Alizipokea, akazihesabu, akasema, "Haya." Nilitamani aseme zaidi, ingawa hakuwa na deni hilo kwangu.

Ukanda wa sasa ni filamu ya picha iliyotoka kwa wachapaji, nukta 2540 kwa inchi, ambazo ni nukta 100 kamili kwa milimita. Robo ya milimita inakuwa nukta 25 bila baki, na ukanda huu haukupita kwenye moto. Huo nao nimeupima kila milimita 10, na jedwali la makosa yake nimelibandika juu ya kioo cha namba. Vijana wanautumia. Mzee bado anapima kwa vernia, na sijamwomba abadilishe.