Kutoka Panzi hadi Beach Muhanzi: tulitafuta hesabu ya kushika mkononi



Juma hili hatutawapeleka mbali. Safari yetu ilianza Panzi, ikapitia Nyawera na Kadutu, ikaishia kando ya ziwa, yote ndani ya Bukavu yetu. Tulikuwa watu wanne: wamama wawili wa kamati, mama mwenye nyumba ambamo watoto sita wanasomea, na kijana mmoja wa miaka 12. Mnajua kwa nini watoto hao hawako shuleni. Wengine walifika mjini wakiwa wamepoteza mwaka mzima wa masomo, na mmoja miguu yake haimruhusu kupanda milima yetu. Kila asubuhi wanakaa kwenye mkeka na mama huyo, na jioni mmoja wetu ambaye ni mwalimu anapita kwao akitoka kazini.

Safari ilikuwa kwa ajili ya kijana huyu. Mkurugenzi wa shule moja jirani amekubali kumpokea katika mwaka wa nne wa msingi, lakini kwanza atampa mtihani wa hesabu. Akishindwa, atakaa na watoto wa mwaka wa pili. Yeye ametuambia waziwazi: "Mukiniweka na batoto badogo, siendi."

Si mvivu. Anaimba mara mbili, mara tatu hadi mara kumi bila kukosea. Lakini tulipompa 52 kutoa 27, aliandika 35. Sisi walimu tunalijua kosa hilo. Mtoto anaona 2 juu na 7 chini, anaona haiwezekani, basi anageuza na kutoa 2 katika 7. Anajua wimbo wa hesabu, lakini hajawahi kushika mkononi ile 5 ya mbele na kuona kwamba ni makumi matano.

Sanduku la AVEC yetu lilikuwa limetenga dola 40 kwa vyombo vya kufundishia. Kwa hiyo Jumamosi tukapanda taksi asubuhi, tukashuka Nyawera.

Katika duka moja la vifaa vya shule tulionyeshwa boksi la vijiti vya rangi. Vijiti vya namna hiyo vilitungwa na mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire wa mji wa Thuin, ambaye alitoa kitabu chake mwaka 1952. Viko vya urefu kumi, kutoka sentimita 1 hadi 10, na kila urefu una rangi yake. Ukiweka chekundu cha 2 na kijani cha 3 mwisho kwa mwisho, vinalingana na cha njano cha 5. Mtoto anaona jumla kwa macho mbele ya kuiandika. Ni kazi nzuri kweli, na kijana alikataa kuviacha.

Bei ilikuwa dola 38, na kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Mama mwenye nyumba, ambaye aliacha masomo mwaka wa nne, alikifungua, akakifunga, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Na kijiti kimoja kikipotea chini ya kitanda, tutanunua wapi kingine?" Hatukuwa na jibu. Tulishukuru, tukatoka.

Kadutu, katikati ya kelele za soko, kijana mmoja muuza simu alitutolea programu ya hesabu. Picha zinaruka, muziki unalia, mtoto akipata anapigiwa makofi. Tulimpa kijana wetu ajaribu kutoa. Alibonyeza jibu la kwanza, simu ikakataa. Akabonyeza la pili, ikakataa. La tatu ikampigia makofi. Tulimuuliza: umepataje? Akasema: "Lilikuwa limebaki hilo." Tena programu inataka megabaiti na umeme, na nyumba ile inajua siku nyingi bila umeme. Tukateremka kuelekea ziwani.

Njiani tulikumbushana kwamba kuhesabu kwa vitu si ugeni kwetu. Kule Ishango, Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alipata mwaka 1950 mfupa wa zamani sana, wenye alama zilizokatwa mafungu mafungu. Leo uko Brussels. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake, lakini wengi wanaona humo mkono wa mtu anayehesabu.

Beach Muhanzi mitumbwi ilikuwa imefika, na vitu vilikuwa vikishushwa. Tulimkuta mama mmoja akiuza matete, yamefungwa kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Pembeni alikuwa na mawili yasiyofungwa. Tuliomba saba, kwa kujaribu tu. Akachukua yale mawili, akatazama, kisha akakata kamba ya fungu moja, akaongeza matano mengine. "Ni saba hayo, mama. Kwangu yanabaki tano."

Kijana alikuwa amechuchumaa. Alitazama yale matano yaliyobaki, akatazama kamba iliyokatwa. Kisha akatuuliza: "Mwalimu, kumbe anaweza kuvunja kumi?"

Tulikaa kando pale pale. Tulipanga mafungu matano na matete mawili, tukamwambia atupe 27. Alifikiri kidogo, akafungua fungu moja, akahesabu kumi na mbili, akatoa saba. Kisha akatupa mafungu mawili. Yalibaki mafungu mawili na matano. Hakuna aliyemwambia kuandika. Aliomba biki yeye mwenyewe.

Basi tulichagua matete. Tulinunua ya kutosha watoto wote sita, kila mmoja apate vijiti 100 baada ya kukata, na gharama haikufika dola 5. Pesa iliyobaki ilirudi sandukuni, na katibu ameiandika.

Kwa wamama wenye watoto nyumbani, huu ndio utaratibu tunaoufuata. Siku za kwanza mtoto anafunga kumi kumi mwenyewe, msimfungie. Halafu anajumlisha na kutoa kwa vijiti, akisema kwa sauti anachofanya. Baadaye anachora: mstari mrefu kwa fungu, nukta kwa kijiti kimoja. Mwisho kabisa anaandika namba. Akikwama, arudi kwenye vijiti bila aibu. Na mbele ya kununua boksi lolote, jiulizeni: mtoto anaweza kutengeneza kumi na kuivunja kwa mikono yake? Mama wa nyumba anaweza kukiendesha bila mwalimu? Kikipotea, kitapatikana kesho?

Hatusemi boksi la Nyawera ni baya. Fundi mbao mmoja wa kartie ametuahidi mabaki ya mbao, tuyakate kwa sentimita na kuyapaka rangi, yatusaidie kwa sehemu, nusu na robo, ambako matete hayatoshi.

Mtihani bado majuma matatu. Kijana angali anakosea akiandika haraka, na juzi aliandika tena 35 ya namna ile ile. Lakini safari hii alisimamisha biki mwenyewe, akasema, "Ngoja, sijakata kamba," akafuta.

Jumamosi ijayo tunakata vijiti vingine nyumbani kwa yule mama, saa nane. Mwenye kisu na kamba aje navyo. Mwenye mtoto aliyepoteza masomo aje naye, hata kama hana kaye.