Mwalimu Mwanamume na Watoto Wadogo

Sisi walimu wanaume tufundishao darasa la awali huku Mbamba Bay twachekwa, twaitwa mayaya, kwa kuwa twawapangusa wadogo kamasi. Lakini huko Ujerumani, walikotoka wamisionari walioanzisha Peramiho mwaka 1898, aliyebuni bustani ya watoto mwaka 1840 alikuwa mwanamume, Friedrich Froebel. Mwenyewe aliwaita wanawake waisomee kazi hiyo. Leo katika walezi 100 wa huko, wanaume hawafiki 10. Kwetu darasa hilo limo ndani ya shule ya msingi, na mwalimu mkuu humpanga aliyepo. Ndiyo sababu sisi tumo. Twakiri, hatukuomba. Lakini baba wengi hapa huvua usiku, mchana hulala. Juzi mtoto mmoja alitushika kidole tangu shuleni, asikiachie mpaka mlangoni kwao.