Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii nimewafundisha watoto darasani miaka mingi. Lakini maana yake sikuifahamu vema mpaka siku ile nilipokuwa mgeni mimi mwenyewe, katika nchi ya Gambia.

Tulikuwa walimu kadhaa, tumealikwa mkutanoni katika mji mkuu, Banjul. Tazameni ramani: Gambia ni ndogo kuliko nchi zote za bara la Afrika, visiwa tusivihesabu. Ni kama ulimi mwembamba utokao baharini na kuingia ndani ya Senegal, huku na huku ya mto Gambia. Ilipata uhuru tarehe 18 Februari 1965. Haina shaba kama Katanga. Ina karanga, samaki, na wageni. Kila mwaka, baridi ianzapo Ulaya, wageni hufika kwa ndege kuota jua pwani.

Vitu vya kutazama si haba. Huko Bakau tuliona ziwa dogo la Kachikally, lenye mamba wanaoguswa na watu mgongoni. Wake wasiopata watoto huenda huko kuoga maji yake, wakitumaini baraka. Msituni Abuko tuliona nyani na ndege wa rangi nyingi. Tulisimuliwa pia habari za Wassu, mbali juu ya mto, ambako nguzo za mawe mekundu zimesimama kwa duara juu ya makaburi ya watu wa kale.

Siku ya mwisho tulivuka mto mpaka Barra, tukafuata njia ya kijiji cha Juffureh. Kitabu cha Alex Haley, Mmarekani mweusi, kilichotoka mwaka 1976, kinasema kwamba babu yake Kunta Kinte alikamatwa karibu na hapo, akauzwa utumwani. Mbele ya kijiji, katikati ya mto, kuna kisiwa. Ngome yake ilianzishwa na Wazungu wa Courland mwaka 1651; Waingereza wakaitwaa mwaka 1661. Zamani kiliitwa kisiwa cha James. Tangu mwaka 2011 chaitwa Kunta Kinteh. Tulikanyaga huko kwa mashua. Zimebaki kuta zilizobomoka na mibuyu. Maji yanakila kisiwa kidogo kidogo, na kilichobaki ni sehemu ndogo tu ya kile cha zamani. Hakuna aliyesema neno. Hata hivyo nilipiga picha, kama wengine.

Tuliporudi kijijini, watoto walitukimbilia. «Toubab! Toubab!» Ndivyo wanavyowaita Wazungu. Nilicheka, maana ngozi yangu ni nyeusi kama yao. Mtoto mmoja, labda wa miaka minane, akanyosha mkono: alitaka kalamu. Nilikuwa nazo kumi mfukoni, nikampa moja. Nilijiona mtu mwema.

Mwalimu wa hapo, aliyetuongoza, aliniita kando. Akasema kwa upole: «Mwalimu mwenzangu, saa hii darasa linaendelea. Leo amepata kalamu njiani. Kesho nitamwambia nini, ili aje kuitumia shuleni?»

Nilinyamaza. Nilikumbuka utoto wangu misioni. Siku moja wageni walipita na motokari, wakatupa peremende mavumbini, wakatupiga picha tukigombania. Nilimpiga mdogo wangu nikamnyang’anya moja. Jioni mama aliuona mdomo wa mtoto umevimba. Hakunichapa. Aliuliza tu: «Mwanangu, umempiga ndugu yako kwa kitu kinachoyeyuka ulimini?» Wageni wale hawakuwa wabaya. Walikwenda zao wakifurahi, kama mimi nilivyofurahi pale Juffureh.

Basi nilimwomba mwalimu anipeleke shuleni, nikamkabidhi kalamu tisa zilizobaki, azigawe jinsi aonavyo. Ile ya kumi sikuweza kuirudisha. Nilipotoka, yule mtoto alikuwa angali njiani, akingojea motokari nyingine.

Enyi baba na mama, nasi tunao wageni: wanaokwenda Lofoi kuona maji yaangukayo. Ni vema waje, nasi tuwapokee kwa heshima. Fedha yao yaweza kulisha jamaa nyingi. Lakini mtoto wetu asisimame njiani saa ya masomo na mkono wazi. Tumfundishe kusalimu, kuonyesha njia, na kusimulia habari za babu zake, apate kupokea mshahara wa kazi yake atakapokuwa mtu mzima. Nasi tukiwa wageni kwa watu, kabla ya kutoa zawadi tuwaulize wenyeji: yafaa nimpe nani? Mimi nilisahau kuuliza, na picha za kisiwa kile, kila nizitazamapo, hunikumbusha mtoto ambaye sikumpiga picha.