Nani Kanyoosha Mkono?

Kantini, wenzetu wa kompyuta wakianza habari za PCIe na kerneli, sisi wa Elimu huwa tunahamisha sahani zetu meza nyingine. Mwaka huu mimi sikuhama. Nasomea ualimu wa Hisabati na Kompyuta, na BTP ilinipeleka shule moja ya kata wilayani Iramba, mkoani Singida. Maabara ilikuwa na Raspberry Pi 4 mbili na skrini moja. Nikaamua kuzijua kwa ndani kabla watoto hawajaniuliza.

Shida yenyewe ni hii. Prosesa ina kazi nyingi, na kibodi, diski na vinginevyo vyote vinataka huduma yake. Inaweza kupita kwa kila kifaa ikiuliza, "Una shida?" Lakini hiyo ni sawa na mwalimu kuzunguka madawati yote kila dakika, kufundisha hakutakuwepo. Afadhali kifaa chenyewe kinyooshe mkono. Hilo ndilo katizo: kifaa kinaita, prosesa inasimamisha kazi yake kwa muda, inakihudumia, inarudi ilipoishia.

Sasa itajuaje ni nani kaita? Kwenye vibodi vidogo kama Pi, kerneli hupewa faili inayoitwa mti wa vifaa. Wazo hilo lina asili yake kwenye Open Firmware, iliyowekwa kwenye kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamikia vurugu ya kodi za ARM ndani ya Linux, na mti wa vifaa ukawa ndiyo dawa. Kwa lugha yetu ya ualimu, ni rejista: nani yupo, anakaa wapi, na akiita sauti yake inafikia mlango gani. Kila aina ya kifaa ina kanuni zake zinazosema kipi lazima kiandikwe kwenye rejista hiyo.

Soketi za USB za Pi 4 zinahudumiwa na chipu ya VL805, ambayo inaongea na prosesa kwa PCIe. Ukisoma sehemu ya PCIe kwenye mti huo utakuta ramani ya njia nne za kuitia, A hadi D, zinazoishia kwenye milango 143, 144, 145 na 146. Pembeni ya kila njia imeandikwa namna mkono unavyonyooshwa. Hapa unabaki juu hadi uhudumiwe. Kuna vifaa vingine ambavyo mkono unaruka mara moja tu. Usipoudaka, imekula kwako.

Njia hizo nne zina udhaifu: vifaa vingi vinaweza kuchangia moja. A ikiita, kerneli inauliza kiendeshi kimoja baada ya kingine, "Ni wako?" Wito ukikosa mwenyewe zaidi ya mara 99,900 kati ya 100,000, Linux inaandika kwamba hakuna aliyejali, halafu inaifunga njia ile. Hakuna aliyejali! Jamani, hayo ni maneno ya mashine, lakini yalinikaa kichwani wiki nzima.

Kwa sababu darasa langu la Kidato cha Pili nalo lilikuwa na safu nne, kila safu na kiongozi wake. Kiongozi anasema, "Madam, safu yetu haijaelewa." Nauliza ni nani, kimya. Safu ya tatu kulikuwa na binti mmoja ambaye mkono wake uliishia begani, kisha ukashuka. Nyumbani kwao ni Kinyiramba, shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa anafundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili unamsubiri mwisho wa mwaka.

PCIe ina njia nyingine, inaitwa MSI. Kifaa hakitumii njia ya kuchangia. Kinaandika namba kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, na namba hiyo inaeleza nini kimeita. Rejista nayo inatamka kwamba kidhibiti kinapokea ujumbe wa aina hiyo. VL805 inaitumia njia hii. Niliwaonyesha watoto kwenye faili ya /proc/interrupts: mmoja anabonyeza kibodi, tunaisoma tena, hesabu imepanda. Walishangilia kama vile Singida imefunga goli.

Kesho yake nikaja na boksi tupu la chaki. Kila mwanafunzi na namba yake, aandike swali kwa lugha yoyote, atumbukize. Mwalimu mmoja mwenyeji akaniambia nawalea waoga, kwamba kwenye usaili wa kazi hakuna boksi. Hoja yake ina uzito, wala sikubishana naye. Ila mtoto hawezi kufika kwenye huo usaili kama swali lake la Kidato cha Pili halijawahi kumfikia mtu.

Karatasi ya namba 41 ilikuwa ya yule binti: "Madam, wanaposema tutafute x, kwani ilipotea wapi?" Hesabu alikuwa anaziweza kabisa. Kilichomkwamisha ni neno moja la Kiingereza. Nikalieleza neno lile mbele ya darasa zima bila kutaja namba, na nikaona madaftari mengi yakifunguliwa pamoja na lake.

Wana-Elimu mtakaokwenda BTP mwakani, mtakabidhiwa rejista yenye majina na mahudhurio. Ongezeni safu moja ya penseli: huyu akikwama, ananiitaje? Kwa wengine mtaandika "mkono", kwa wengine "karatasi", kwa wengine "baada ya kipindi, nje, chini ya mti". Mkikuta jina ambalo safu hiyo bado iko wazi, anzeni na huyo.