Nambari Kubwa Kwenye Mfuko wa Kulalia

Najua mmezoea kusoma mambo ya programu na tarakilishi hapa, lakini leo naomba mnivumilie niandike kuhusu mfuko wa kulalia, ule wenye zipu wanaoubeba wapanda mlima. Mtaona kwamba kisa ni kile kile cha siku zote: mtu kasoma tangazo badala ya kusoma maelezo.

Mwezi wa Januari mwaka juzi, mimi na mdogo wangu tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu kwake. Mama alisita sana. Nikamwambia, "Mama usijali, kila kitu nimepanga." Katika hicho kila kitu kulikuwa na mifuko miwili ya kulalia niliyonunua kwa bei ya chini katika duka moja mjini. Ilikuwa midogo na myepesi, na nje imeandikwa kwa herufi kubwa "misimu minne, -15". Nikapiga hesabu: usiku kule juu tutakuta -5 hivi, kwa hiyo nina akiba ya nyuzi kumi. Safi kabisa.

Usiku wa kwanza, Old Moses, mita 3,300, tulijikunyata kidogo tu. Usiku wa pili tulikuwa kwenye hema kambi ya Shipton, mita 4,200. Saa saba usiku mdogo wangu akaniamsha. "Kaka, sisikii miguu." Alikuwa akitetemeka hadi meno yanagongana. Nikamvika jaketi langu. Baada ya muda akaacha kutetemeka, nami nikafurahi nikidhani amepata joto. Kumbe sivyo. Nilipomwuliza jambo alinijibu kwa ulimi mzito, kama mlevi.

Nilikimbia kumwamsha kiongozi wetu. Yule mzee hakupoteza muda. Alichemsha maji, akayatia kwenye chupa ya chuma, akaifunga ndani ya soksi na kumwekea kijana kifuani. Akamnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Kisha akatulaza watatu tumebanana, kijana katikati, mifuko yote ikiwa juu yake. Alfajiri hatukuelekea Lenana, tuliteremka. Maji tuliyoacha nje yalikuwa barafu. Kufikia saa nne asubuhi mdogo wangu alikuwa anacheka tena. Mimi nilikaa siku kadhaa kabla ya kucheka.

Nyumbani nilifanya kile ambacho ningefanya programu ikianguka: nilitafuta chanzo. Ndani ya mfuko, kwenye mshono, nilikuta kitambaa kidogo chenye nambari tatu: 5, 0 na -15. Nambari hizi hutokana na kipimo kinachoitwa ISO 23537, kilichochukua nafasi ya EN 13537 mwaka 2016. Sanamu ya ukubwa wa mtu, yenye vipasha joto ndani, huvalishwa nguo za kulalia na kuingizwa ndani ya mfuko, juu ya mkeka, katika chumba cha baridi. Halafu hupimwa ni joto kiasi gani linampotea.

Nambari ya kwanza ni ya starehe: baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala nayo bila kujikunja. Ya pili ni ya mpaka: mwanamume wa kawaida atalala, lakini amejikunja. Ya tatu ni ya hatari. Hapo hatuzungumzii tena kulala, tunazungumzia kuokoka kwa saa chache. Ile -15 iliyotangazwa nje ilikuwa nambari ya tatu. Mdogo wangu, mwembamba kama uzi, alikuwa amelala kwenye mfuko wa nyuzi 5.

Na hayo maneno "misimu minne" hayana kipimo kimoja. Kila mtengenezaji huyatumia atakavyo. Yametoka kwa watu ambao theluji huwafikia mlangoni. Sisi tuna masika, vuli na kiangazi, lakini mlimani unaweza kuvua shati mchana na kukuta maji yameganda alfajiri, iwe Januari au Julai.

Basi nilijiwekea shilingi 15,000 kwa watu wawili na kufungua lahajedwali. Safu ya kwanza: starehe. Mfuko wowote ambao starehe yake haikufika -3 niliufuta, hata kama ni wa bure. Baada ya hapo ndipo nikatazama uzito, ukubwa ukikunjwa, na bei.

Hapa ndipo mfuko mdogo na mwepesi unapogharimu. Manyoya mororo ya bata hutoa joto jingi kwa uzito mdogo na hukunjwa yakawa kitu kidogo, lakini yakilowa hulala na joto huisha. Nyuzi za poliesta ni nzito na hujaza shanta, ila zikilowa hubaki na joto kiasi, tena ni za bei nafuu. Umbo nalo lina kazi: mfuko unaobana kuelekea miguuni, wenye kofia, una hewa chache ya kupasha joto kuliko ule wa mraba.

Jambo la tatu sikulijua kabisa. Sehemu ya mfuko unayoilalia inagandamizwa na mwili, kwa hiyo haikukingi sana. Baridi ya ardhini huzuiwa na mkeka. Mikeka ina kipimo chake, R, na ukiweka miwili, mmoja juu ya mwingine, R zao zinajumlishwa. Sisi tulikuwa tumelalia kipande kimoja chembamba cha sponji.

Nilizunguka soko la Toi Jumamosi tatu. Ya tatu nikapata mfuko wa manyoya, mtumba, kilo 1.4, starehe -7, kwa shilingi 6,500. Kabla ya kulipa niliuminya na kungoja uone kama utafura tena, nikaupitisha kwenye jua kutafuta sehemu zilizobaki tupu, nikavuta zipu mara kumi. Nyumbani niliufua kwa sabuni laini, nikauanika siku tatu huku nikifumua mabonge kwa vidole. Huo ni wa mdogo wangu. Mimi nilinunua wa poliesta, mpya, starehe -3, karibu kilo mbili, shilingi 5,500. Mikeka minne ya sponji ilikuwa shilingi 2,400. Zilizobaki 600 nilimpa fundi anishonee mifuko miwili ya turubai ya kukinga mvua, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 2017.

Halafu tukafanya majaribio kabla ya kutumia. Julai tulilala nje usiku mmoja kwa shangazi, Kinangop, hatua ishirini kutoka jikoni kwake. Shangazi alituona wendawazimu, lakini tulilala.

Agosti tukarudi Shipton. Saa saba usiku niliamka, si kwa baridi, bali kwa wasiwasi. Nikamulika tochi. Kijana alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Alfajiri ile tulifika Lenana, mita 4,985, na jambo la kwanza alilofanya tuliposhuka hadi penye mtandao ni kumpigia Mama.

Ukienda mara moja tu, kodisha. Si lazima ununue. Lakini hata wa kukodi, ugeuze ndani kwanza, utafute kile kitambaa, na usome nambari ya kwanza.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Kwaherini kwa sasa.