Hawakukanyagana

Lugha yetu ina neno moja ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu, nalo ni neno kukanyagana. Kila watu wanapokufa katika msongamano, iwe uwanjani, ukumbini au mlangoni mwa mahali pa ibada, redio hutangaza kuwa watu kadhaa wamekufa kwa kukanyagana. Nasi tulioketi barazani na vikombe vyetu vya kahawa hutikisa vichwa tukasema, "Watu wetu hawa, bwana, hawana subira," kisha tukaendelea na mazungumzo mengine.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Hiyo "na" iliyo mwishoni inatuambia kwamba huyu alimkanyaga yule, na yule naye akamkanyaga huyu, kama vile tusemavyo kupigana au kutukanana. Aliyekosa na aliyekosewa wote wamo humo humo ndani ya kundi, na nje ya kundi hakuna wa kuulizwa. Neno limekwisha kutoa hukumu kabla ya uchunguzi kuanza. Na kwa kuwa hukumu imetoka, mwenye ukumbi hulala usingizi wake, aliyeuza tiketi huhesabu fedha zake, na marehemu huzikwa pamoja na lawama.

Mimi nilianza kulitilia shaka neno hili mahali ambapo pengine msomaji hatapategemea: katika muziki wa roki, tena ule mkali, mbele ya jukwaa, mahali ambapo vijana husukumana kwa makusudi. Mchezo huo ulikulia katika kumbi za muziki wa panki huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha ukaenea hadi kwenye matamasha makubwa ya Ulaya. Vijana huacha duara tupu mbele ya wapigaji, na ngoma inapokolea huingia ndani ya duara hilo wakagongana mabega na vifua, wakaruka na kuzunguka kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Wenyewe huita duara hilo moshipiti, jina ambalo halihusiani na moshi wa kuni wala na mji wetu wa Moshi.

Katika miaka niliyokuwa nikisoma Copenhagen, kijana mmoja mwenyeji tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja alinichukua ukumbini nikajionee. Nilisimama kando nikitazama. Kusema kweli nilidhani naona ugomvi. Halafu kijana mmoja aliteleza akaanguka chali katikati ya duara. Kabla sijawahi kumwonea huruma, mikono minne au mitano ilikuwa imekwisha kumshika kwapani na kumsimamisha, na wale waliokuwa karibu walitanua viwiko kumkinga mpaka aliposimama sawasawa. Dakika chache baadaye nikaona mkono umeinuliwa juu ukishika kiatu kimoja, mwenye mkono akigeuka huku na huku kumtafuta mwenye kiatu. Akapatikana, akavaa, mchezo ukaendelea. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza, nayo haikuandikwa popote: aliyeanguka huinuliwa, hata kama hujui jina lake.

Kilichonitisha usiku ule hakikuwa duara. Kilikuwa mbele zaidi, karibu na kizuizi cha chuma, ambako hapakuwa na mtu aliyeruka wala kumgonga mwenzake. Tulisukumwa hadi huko polepole, na nikajikuta nimebanwa kiasi kwamba nilitaka kujikuna pua nikashindwa kuinua mkono. Miguu yangu iligusa sakafu kwa nasibu. Jirani yangu, msichana mwembamba, alikuwa amefumba macho na uso umempauka, na hakuna aliyekuwa akimfanyia ubaya wowote. Mlinzi aliyesimama upande wa pili wa kizuizi alimwona, akamnyanyua kama mtu anayeopoa samaki, akampa maji. Pale kwenye duara palikuwa na fujo, lakini palikuwa na nafasi. Hapa palikuwa na utulivu, lakini nafasi hapakuwa nayo. Nafasi ndiyo uhai.

Baadaye nilisoma maelezo ya John Fruin, mhandisi wa Marekani aliyeandika mwaka 1993 juu ya sababu za maafa ya makundi ya watu. Anaeleza kwamba watu wakifikia takriban saba katika kila mita moja ya mraba, kundi huacha kuwa watu mmoja mmoja likawa kama maji. Msukumo mdogo unaoanzia upande mmoja hupita kati yao kama wimbi, ukawachukua watu mita kadhaa bila hiari yao. Katika maafa kadhaa vyuma vya vizuizi vilikutwa vimepinda kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 450. Mwanadamu hana ubavu wa kuhimili hayo. Na kifo chenyewe aghalabu si cha kukanyagwa. Ni cha kukosa pumzi. Kifua kikibanwa mbele na nyuma, pumzi uliyoitoa hairudi. Mtu hufa amesimama wima, ameshikiliwa na miili ya wenzake, naye aliye nyuma yake hana habari.

Hilo la kutokuwa na habari ndilo kiini cha jambo lote. Mjini Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979, maelfu ya watu walikuwa nje ya ukumbi wakisubiri kuwaona The Who. Tiketi nyingi hazikuwa na namba ya kiti, kwa hiyo mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata nafasi nzuri. Milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Waliokuwa nyuma waliposikia muziki kutoka ndani walidhani onyesho limeanza, wakasogea. Kila mmoja wao alisogea hatua moja tu, wala haikuwa hatua ya ukatili. Hatua hizo zilipojumlishwa mlangoni ziliua watu 11. Aliye nyuma haoni mlango, na aliye mlangoni hawezi kugeuka amwambie. Je, hapo nani alimkanyaga nani?

Ndipo ikaja Roskilde. Tamasha la Roskilde, lililoanza mwaka 1971 nje kidogo ya mji huo, si mbali na Copenhagen, nilikuwa nimelisikia likisifiwa kama mfano wa matamasha ya amani. Usiku wa tarehe 30 Juni 2000, Pearl Jam walikuwa wakipiga mbele ya watu wapatao 50,000. Mvua ilikuwa imenyesha na ardhi ilikuwa matope. Karibu na jukwaa watu walianguka, wakaangukiwa na wengine. Mwimbaji alipoelezwa alisimamisha muziki, akaomba umati urudi nyuma hatua tatu. Walirudi, lakini muda ulikuwa umekwisha kupita. Vijana wanane walikufa usiku huo na wa tisa siku chache baadaye, wote wanaume wa umri kati ya miaka 17 na 26, kutoka Denmark, Sweden, Ujerumani, Uholanzi na Australia. Hawakuwa wahuni, na walio nyuma yao hawakuwa wauaji. Walirudi nyuma mara tu walipoombwa. Kasoro ni kwamba hapakuwa na njia ya kuwaomba mapema.

Ninawaheshimu watu wa Roskilde kwa yale waliyoyafanya baadaye. Waliigawa sehemu ya mbele ya jukwaa kwa vizuizi, ikawa vyumba visivyo na paa, na wanaoingia humo huhesabiwa. Kikijaa hufungwa, hata kama ndani yupo rafiki yako anayekupungia mkono. Pamoja na hayo, walipanda miti tisa ya kumbukumbu, mmoja kwa kila kijana.

Lakini somo likifundishwa pamoja si lazima lijifunzwe kwingine. Huko Houston, Marekani, tarehe 5 Novemba 2021, katika tamasha la Astroworld la Travis Scott, watu wapatao 50,000 walihudhuria na 10 wakafa, mdogo wao akiwa mtoto wa miaka 9. Daktari wa serikali alipochunguza maiti alikuta kwamba wote waliuawa na mbano. Muziki uliendelea kwa zaidi ya nusu saa baada ya wakuu wa usalama kutambua kwamba kuna maafa. Najilazimisha kulifikiria jambo hilo: nusu saa, taa zinawaka, sauti inanguruma, na watu wanapiga kelele za kuomba msaada ambazo kutoka jukwaani hazitofautiani na kelele za furaha. Ndiyo maana nasema aliye jukwaani ana deni. Yeye yuko juu, anaona, na mkononi ana kipaza sauti. Kundi la Fugazi la Washington lilijulikana katika miaka ya 1990 kwa kukatiza wimbo pale walipoona mtu anaumiza wenzake, wakamwita kwa adabu, wakamrudishia fedha yake na kumtoa nje. Jambo hilo linawezekana. Linataka nia tu.

Ipo hoja ambayo nimeisikia mara nyingi: kwamba hayo ni matunda ya muziki wa fujo na ulevi. Wenye hoja hiyo nawaomba watazame hapa kwetu. Siku ya Idi el Fitri ya mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko lililoandaliwa kwa ajili yao. Walikuwa wamevaa nguo mpya za sikukuu. Mwezi Februari 2020, mjini Moshi, waumini 20 walikufa wakati umati ukitoka katika mkutano wa maombi. Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa wakati wananchi walipofika kumuaga Rais Magufuli. Na tarehe 29 Oktoba 2022, mjini Kinshasa, watu 11 walikufa katika onyesho la Fally Ipupa, usiku ule ule ambao katika uchochoro mmoja wa Seoul walikufa watu 159. Watoto wa Idi, wacha Mungu, waombolezaji, wapenzi wa rumba: wana lipi la pamoja na vijana wa roki? Hawana dini moja, wala umri mmoja, wala wimbo mmoja. Lililo lao kwa pamoja ni idadi ya watu na udogo wa nafasi.

Haya si mazungumzo ya kitabuni kwangu. Mwishoni mwa mwaka mmoja si zamani sana, dada yangu aliniita nyumbani kwake kwa sababu ya binti yake wa miaka 18, aliyetaka kwenda kwenye onyesho la mkesha wa mwaka mpya.

"Kaka, zungumza na mwanao," aliniambia. "Mimi hanisikii. Huko kumejaa wahuni."

Binti aliniamkia, nikaitika, akakaa akiwa tayari kwa mawaidha ya uhuni. Nikamwambia, "Wahuni hawanitishi sana. Niambie, ukumbi huo una milango mingapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani mwingine. Basi tulikaa nikamweleza. Ukifika, hesabu milango kabla ya kutafuta marafiki, na uangalie kama inafunguka. Simama kando, usisimame mbele kabisa wala kwenye kona. Ukiona huwezi tena kuinua mikono yako, ondoka wakati huo huo, usingoje wimbo uishe. Likija wimbi usishindane nalo. Nenda nalo, na linapotulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ili pumzi ipate pa kuingia. Usipige kelele ovyo, maana pumzi ndiyo akiba yako. Simu ikianguka, iache. Mtu akianguka, usimwache. Nawe ukianguka ukashindwa kuinuka, lala ubavu, jikunje, ufunike kichwa. Dada yangu alisikiliza yote, kisha akatoa ruhusa kwa shingo upande.

Binti alirudi saa nne na nusu ya usiku, amenuna. Alikuta ukumbi una milango mitatu, miwili imefungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bure. Alimwuliza mlinzi funguo ziko wapi, mlinzi hakujua. Yeye na wenzake wawili waligeuka wakaondoka, tiketi zao mikononi. Usiku ule katika ukumbi ule hakuna lililotokea. Watu walicheza mpaka alfajiri, na wenzake wa chuoni walimcheka kwa wiki nzima. Aliponilalamikia, nilimwambia kwamba ukumbi ule ulikuwa na bahati, na bahati haiandikwi kwenye tiketi.

Lakini si haki kwamba msichana wa miaka 18 ndiye awe mkaguzi wa milango. Kazi hiyo ina wenyewe: aliyepima ukumbi, aliyetoa kibali, aliyechapa tiketi, aliyeshika ufunguo. Maadamu tunaendelea kusema kwamba watu wamekanyagana, watu hao hawataulizwa. Afadhali tuseme kwamba watu wamebanwa, ili msikilizaji wa redio, kabla hajatikisa kichwa na kuomba kahawa nyingine, aulize wamebanwa na nani.