Mume akidungwa sindano za homoni, mke na ajue

Huenda nyumbani kwako yupo mzee aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume, mkamshukuru Mungu mkidhani yamekwisha. Baada ya mwaka mmoja au miwili daktari anasema sasa anahitaji mionzi, na juu yake sindano za homoni. Habari hiyo ilipomfikia kaka yangu mkubwa kule Uthiru, majirani walinong'ona kuwa karogwa, na wengine kuwa daktari anatafuta pesa tu.

Ukweli ni huu. Tezi ikishaondolewa, kipimo cha damu kiitwacho PSA yapasa kishuke hadi karibu na sufuri. Kikifika 0.2 na kuendelea kupanda, ni ishara kwamba zimesalia chembechembe za saratani, aghalabu pale pale tezi ilipokuwa. Mionzi huziunguza hapo. Lakini saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, jambo alilolithibitisha Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941. Sindano huunyima mwili homoni hiyo, na mionzi humkuta adui akiwa na njaa.

Je, kuna faida? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wanaume 760. Baada ya miaka 12, katika kila 100 waliopata mionzi pamoja na tembe za kuzuia homoni, 76 walikuwa hai. Waliopata mionzi bila tembe ni 71. Hata hivyo, waliokuwa na PSA ya chini sana hawakufaidika hivyo. Basi muulize daktari: kipimo changu ni kipi, nami nitazitumia kwa miezi sita au miaka miwili?

Mionzi nayo ina adha zake. Hupigwa siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba. Ukitoka Uthiru kwenda Hospitali ya Kenyatta, ni matatu hadi mjini, kisha nyingine. Mgonjwa hutakiwa alale chini ya mashine kibofu kikiwa kimejaa, ili matumbo yasogee kando. Hebu fikiria foleni ya Waiyaki Way kwa mtu ambaye tangu apasuliwe mkojo haumsubiri! Dawa yake ni kufika mapema na kunywa maji huko huko.

Lakini kilichotaka kumshinda kaka ni sindano. Alitokwa jasho usiku, matiti yakamvimba, na hamu ya unyumba ikamtoka kabisa. Akanyamaza. Shemeji alidhani mumewe ana mwanamke mwingine, na kaka alikuwa ameazimia kuruka sindano iliyofuata ili kuiokoa ndoa. Nyumba ilipona siku shemeji alipoingia naye kwa daktari, akasikia kwamba kosa ni la dawa, si la mume. Sasa hutembea pamoja kila jioni, kwani mazoezi huimarisha mifupa ambayo dawa hizi huidhoofisha.

Profesa Anyang' Nyong'o, alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kwamba anaugua saratani hii. Ikiwa waziri aliliambia taifa zima, mume hashindwi kumwambia mkewe. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua.